Sura ya Tano: Taa Zote Zilitimia

"Alirudi, afande," Kengele alisema. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulirudia neno hilo hilo tangu Jumapili. "Nilihesabu taa. Taa zote zilitimia."

Inspekta Taratibu alisogeza kiti karibu na meza. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha lililowekwa juu mno, sijui aliyelijenga alidhani wanaohojiwa humo ni twiga. Jina la Taratibu alipewa na wenzake kwa dhihaka, maana hakuna aliyepata kumwona mama huyu akikimbia, hata siku ile kantini iliposhika moto. Yeye jina alilipokea, akalizoea, na sasa hata mkuu wa kituo alimwita hivyo.

"Nieleze tena unavyohesabu," alisema. "Pole pole. Mimi sina haraka."

Kengele alifuta uso kwa kiganja. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni katika mitaa ya zamani ya mji kwa baiskeli za umeme zilizoundwa zifanane na za enzi za mababu: kiti cha ngozi, usukani uliopinda, taa kubwa ya mviringo mbele, na tangi la mafuta ambalo halijawahi kuonja mafuta. Jina lake lilitokana na kengele aliyoipiga kwenye kila kona, pawe na mtu au pasiwe na mtu.

"Barabarani sigeuki nyuma, afande. Nikigeuka mimi, na wageni wanageuka, tunaanguka wote. Kwa hiyo natazama kioo. Baiskeli ikitembea, taa yake inawaka. Siku ile wageni walikuwa maharusi wawili, mpiga picha, na Bi Mtandio. Taa nne. Kila tukisimama, siondoki mpaka taa nne zitimie kiooni. Ndiyo sheria yangu, sijawahi kuivunja."

"Mlisimama wapi mwisho?"

"Stesheni ya zamani. Hapo wageni wanaingia kutazama mabehewa. Kisha moja kwa moja gereji. Kulikuwa na manyunyu na giza lilishaanza. Taa nne, na ya mwisho ina mtandio wa kijani. Yeye hupanda nyuma ya wote siku zote. Anasema anapenda kuona migongo ya wenzake."

"Na gereji?"

"Maharusi wakaning'ang'ania niwapige picha getini. Nilipoingia ndani, baiskeli ya bibi iko mahali pake, helmeti imetundikwa. Nikajua keshaondoka. Miwani yake niliikuta kwenye kikapu cha baiskeli, nikaitia mfukoni nimpe Jumamosi ijayo. Jumamosi ikaja, hakuja." Akasogea mbele kitini. "Afande, mama yule hajakosa Jumamosi hata moja tangu nianze kazi. Amezaliwa mji huu, anaujua kuliko mimi. Haji kutazama mji. Anakuja kwa sababu mwisho wa safari namuuliza kila mgeni, umefurahi? Na yeye namuuliza. Basi."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lililomkera Taratibu. Aliyekuja kituoni kusema kwamba mwanamke mmoja hajulikani alipo alikuwa huyu huyu Kengele. Hakuna mwingine aliyekuja. Mkuu wa kituo akamsikiliza, akampekua, akakuta miwani mfukoni, akamweka ndani. Kesi ikaishia hapo kichwani mwake. Mtu wa mwisho kuonekana na marehemu, mali ya marehemu mfukoni. Alishaanza kumwita bibi wa watu marehemu. Kesho asubuhi Kengele angepandishwa kizimbani, na mkuu hakuwa mtu wa kurudi nyuma akishatia sahihi.

"Nyumbani kwake ulikwenda?"

"Nilikwenda kwanza huko. Wakaniambia kaenda kwa dada yake." Kengele alimtazama. "Dada yake alikufa, afande. Alinisimulia mwenyewe."

Taratibu aliichukua miwani ndani ya bahasha ya ushahidi, akaitia mkobani na kuondoka.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa, nzuri, yenye ukimya wa kuudhi. Aliyemfungulia ni mtoto wa mdogo wake marehemu mume wa Bi Mtandio, mtu wa kitambi cha haja ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge, na yeye haoni ubaya.

"Mama mkubwa kasafiri," alisema kabla hajaulizwa.

"Kwa nani?"

"Kwa dada yake."

"Dada yake amekufa."

Bonge alijikuna shingo. "Basi kwa ndugu mwingine. Mtu mzima yule, afande. Hatumuulizi anakokwenda."

"Chumba chake kiko wapi?"

Kilikuwa juu, mwisho wa korido. Harufu ya rangi ilimpokea Taratibu hata kabla ya mlango kufunguliwa. Kuta zilikuwa nyeupe, mbichi bado. Kitanda kimeondolewa. Kwenye kona, nguo za mwanamke zilikuwa zimefungwa ndani ya shuka, fundo moja kubwa lililokazwa na mtu mwenye haraka. Mlangoni, kitasa kipya.

"Mlianza lini kupaka?"

"Wiki iliyopita. Kuna mpangaji anataka kuingia."

"Mama mkubwa hayupo, hujui alipo, na umeshampa mtu chumba chake."

"Chumba hakikai bure, afande."

"Mtandio wake una rangi gani?"

Bonge aligeukia lile fundo la nguo, kana kwamba jibu limo humo. Aliishi naye chini ya paa moja tangu mume wa bibi azikwe, na hakujua. Taratibu aliangalia sakafuni karibu na mlango. Palikuwa na alama ya duara kwenye mbao, moja juu ya nyingine, alama ya sahani ya chakula inayowekwa nje ya mlango siku nenda rudi. Moyo ulimuuma. Yeye mwenyewe alikuwa akila peke yake, sahani moja, kikombe kimoja, redio ikizungumza ili nyumba isizubae. Lakini angalau chakula chake alijipikia na kujipakulia mwenyewe.

Alitamani sana mkosaji awe Bonge. Nawe ungetamani. Ana nyumba ya kurithi, ana rangi mbichi, ana uongo mdomoni. Angemfunga pingu pale pale na kulala usingizi mnono. Ila Taratibu hakuwa mtu wa kuolewa na tuhuma kwa sababu imevaa vizuri.

"Vaa viatu," alimwambia. "Twende gereji ukaione hiyo baiskeli."

Gereji ilinuka mpira na mafuta ya mnyororo. Baiskeli zilipangwa ukutani, kila moja na nafasi yake, na juu ya kila moja waya wa chaja ukining'inia. Fundi, mtu wa makamo asiyeweza kufanya kazi bila redio, alipunguza sauti alipowaona. Taratibu alimwacha Bonge nje na askari, akaingia peke yake.

"Siku ile ulimwona bibi akirudi?"

"Nimeshawaambia wenzako, mama. Sikumwona. Nilikuwa nyuma kule naziba pancha."

"Wakakuuliza nini kingine?"

"Hakuna. Waliuliza hilo tu, wakaenda zao."

"Basi na mimi nikuulize langu. Wageni wakifika wanafanya nini?"

"Wanaziacha tu. Nyingine pale mlangoni, nyingine zinaegemea ukuta, mwingine ananitupia helmeti kama tunacheza mpira. Mimi na Kengele ndio tunaziingiza na kuzichomeka."

"Siku ile nani alizichomeka?"

"Kengele alichomeka za maharusi, ya mpiga picha na yake. Ya bibi nilikuta tayari kaichomeka."

"Kaichomeka nani?"

"Kengele, nani tena?"

Taratibu alitoa simu akapiga kituoni, akamwomba askari wa zamu aipeleke simu mahabusu. Alisubiri. Hodari wa kusubiri yule mama.

"Kengele, siku ile baiskeli ya bibi uliichomeka wewe kwenye chaja?"

"Hapana, afande. Niliikuta tayari. Nikadhani Fundi kanisaidia."

Fundi, aliyesikia yote, alizima redio kabisa.

"Huyu alidhani yule, na yule alidhani huyu," Taratibu alisema, kama anayejisemea. Aliushika waya uliokuwa juu ya baiskeli ya Bi Mtandio. Kwenye tangi palikuwa na kifuniko cha kung'aa. Alikizungusha, kikafunguka, akausogeza waya. Ndani hapakuwa na tundu la umeme. Palikuwa na karatasi ya peremende.

Fundi alishindwa kujizuia, akacheka. "Hapo kila mtu anakosea, mama. Tangi ni pambo. Tundu lenyewe hili." Aliinama, akapitisha vidole chini ya kiti, akabonyeza kishikizo, na kipande cha ngozi kikafunguka. "Walilificha ili baiskeli isipoteze sura ya kizamani. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilitafuta mpaka nikatukana."

"Mgeni anaweza kulijua?"

"Atajuaje? Hatuwaonyeshi. Tunaogopa watuchezee umeme."

Taratibu alikwenda mlangoni. "Bwana Bonge, hebu nisaidie. Nimeshindwa kuchomeka kitu hiki."

Bonge alikuja akihema, akauchukua waya, akaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha kung'aa. Akakizungusha. Akachokoa. Akalipiga tangi kofi. "Mbovu hii," alisema mwishowe, na akaurudisha waya.

Taratibu alimtazama kwa majonzi. Mtuhumiwa mzuri namna ile, ameshamponyoka. "Asante. Nenda nyumbani. Ila zile nguo zifungue kwenye fundo, uzikunje."

Bonge alipoondoka, alikaa juu ya kreti la vipuri na kuwaza kwa sauti, Fundi akisikiliza. Aliyepanda baiskeli ile mpaka gereji alikuwa na mtandio wa bibi na helmeti ya bibi. Akaingia wakati Kengele yuko getini na maharusi. Hakuitupa baiskeli mlangoni kama mgeni. Aliipeleka kwenye nafasi yake, akafungua ngozi chini ya kiti, akachomeka, akatundika helmeti, akatokea mlango wa pembeni. Mtu anayejificha hafanyi hayo makusudi. Mkono ndio uliofanya, kwa mazoea ya kazi.

"Nani mwingine analijua tundu hili?"

"Mimi. Kengele. Tajiri mwenye baiskeli, naye yuko safarini, mwezi wa pili huu." Fundi alifikiri. "Na yule dada aliyekuwa akitembeza wageni kabla ya Kengele. Aliacha mwenyewe."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Anakata tiketi pale stesheni ya zamani."

Fundi aliposikia maneno yake mwenyewe, mkono wake ulisimama kwenye kitambaa alichokuwa akijifutia.

Stesheni ya zamani haikuwa na treni, ilikuwa na mabehewa. Yalikuwa yamepakwa rangi upya na kufungiwa kamba yasiguswe. Jumanne hiyo hapakuwa na mgeni hata mmoja. Kwenye kidirisha cha tiketi alikaa mwanamke mfupi, mwembamba, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati wake. Nyuma yake, juu ya rafu, vilikuwa vikombe viwili vilivyooshwa.

"Tiketi moja, dada," Taratibu alisema, akasukuma kitambulisho chake cha polisi badala ya pesa.

Mkata tiketi alikisoma, akakirudisha. "Karibu."

"Uliwahi kutembeza wageni kwa baiskeli."

"Zamani."

"Mbona uliacha?"

"Unasema maneno yale yale kila siku kwa watu ambao hutawaona tena. Wanakupungia mkono, wanaondoka. Nikaona heri nikae mahali pamoja." Aliinua mabega. "Hapa nako ni hivyo hivyo, ila nimekaa."

"Bi Mtandio unamjua?"

"Wageni ni wengi, afande."

"Huyu hupanda nyuma ya wote."

"Sikumbuki."

Alijibu haraka mno. Mtu asiyekumbuka hujipa muda wa kujaribu. Taratibu aliegemea ukingo wa kidirisha, akatazama mabehewa.

"Kengele alikuuliza habari zake?"

"Jumamosi hii iliyopita. Nikamwambia sijamwona." Mkata tiketi alipanga tiketi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Wale wa nyumbani kwake wanaweza kumtuma mtu yeyote."

"Hawakumtuma. Hawajamtafuta hata kidogo. Kengele alikuja polisi kwa miguu yake mwenyewe, na polisi wakamweka ndani."

Mikono ilisimama. "Ndani wapi?"

"Mahabusu. Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani, na si kwa kupotea kwa mtu. Mkuu wangu anasema ameua."

Mkata tiketi alifunga kidirisha. Taratibu alisikia funguo, kisha mlango wa pembeni ukafunguliwa, na mwanamke yule akatoka akiwa amevuliwa ujasiri wote usoni.

"Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua."

"Ulijua nusu. Kengele alipokuja kukuuliza, kwa nini hukumwambia bibi kwamba anatafutwa?"

Walikuwa wameshafika kwenye ngazi. Mkata tiketi alishika ukingo, akasimama. "Ningemwambia, angerudi," alisema. "Nimeishi juu huku peke yangu miaka, afande. Siku ya kwanza alipokaa mezani akaniuliza kazi ilikuwaje leo, nililia. Sikutaka aondoke. Ndiyo hivyo."

Taratibu alikuwa na maneno makali tayari mdomoni, ya kumpasha sawasawa. Aliyameza. Angemlaumu vipi, yeye ambaye jana usiku alijibu salamu ya mtangazaji wa redio?

Juu, katika makazi ya zamani ya mkuu wa stesheni, bibi kizee alikuwa amekaa dirishani na pazia magotini, akijaribu kutunga uzi kwenye sindano na kukosa, akajaribu tena. Mtandio wa kijani ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Alipogeuka, alikunja macho kuwatafuta.

"Umekuja na mgeni, mwanangu?"

Taratibu alifungua mkoba, akaichana bahasha ya ushahidi, akamwekea miwani mkononi. Bi Mtandio aliipapasa, akaivaa. Aliona sare. Hakushtuka sana, alishusha pumzi tu.

"Wanataka nirudi?"

"Hakuna aliyesema urudi, mama. Nieleze ilivyokuwa."

"Huyu mwanangu aliniambia ana chumba chenye vitanda viwili. Kila Jumamosi wenzangu wakienda kutazama mabehewa, mimi nilikuwa nakaa naye pale kidirishani. Siku ile nikasema, basi leo sirudi. Ila nikimwambia Kengele, atawasimamisha wageni wote, atanibembeleza, na yeye haondoki taa hazijatimia. Maharusi wale walikuwa wamelowa. Nikaona niwasumbue kwa nini? Mwanangu akavaa mtandio wangu, akairudisha baiskeli, akaja zake kwa miguu. Miwani tu ndiyo ilisahaulika kikapuni."

"Hukumtumia Kengele hata salamu?"

"Ningesema nini? Mimi ni mgeni kama wageni wengine. Nilijua atapata mwingine wa kuipanda ile baiskeli." Alitabasamu kidogo, bila uchungu, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Nyumbani nako mlango wangu ulikuwa ukigongwa tu wakipoteza funguo. Nikitoweka nani atajua, afande? Nilidhani hakuna atakayenitafuta."

Mkata tiketi aliinamisha kichwa. Taratibu alivuta kiti akakaa, uso kwa uso na bibi, ili asiseme akiwa amesimama.

"Mmoja alikutafuta, mama. Alikutafuta nyumbani, akakutafuta hapa, akaja kwetu. Yuko ndani kwa sababu hiyo."

Bi Mtandio alimtazama mkata tiketi, na usoni pake akaona kwamba alijua na hakumwambia. Hakumgombeza. Aliliweka pazia juu ya kitanda, sindano akaichoma penye upindo isipotee, akasimama kwa shida na kunyoosha mkono kwenye mtandio wake.

"Nipeleke," alisema. "Nawe mwanangu, twende. Jioni tutarudi wote, chakula tumeshakiandaa."

Mkuu wa kituo alipomwona marehemu wake akiingia kaunta kwa miguu, amevaa miwani ya ushahidi, alilifunga jalada la kesi. Alimpa Taratibu funguo bila kuombwa, kisha akajikumbusha shughuli ofisini kwake na kufunga mlango.

Kengele alitoka akiwa na viatu visivyo na kamba, macho mekundu. Alimwona mkata tiketi kwanza. Kisha akauona mtandio. Alisimama hapo hapo.

"Mama," alisema, "sikuangalia. Kila wiki nilikuwa nakutazama usoni nikuulize kama umefurahi. Siku ile wakanishika na picha zao, nikahesabu taa tu. Nilirudi bila wewe na sikujua."

Bi Mtandio alimwendea, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe, baba," alisema. "Sikujua kama na mimi nahesabiwa."